Alan Page: mlinzi wa Vikings aliyekuja kukalia kiti cha ujaji

Swali la msomaji: Mimi ni mwanafunzi wa sheria, na futiboli ya Kimarekani siijui vizuri. Nimesoma kwamba Alan Page, aliyekuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo la Minnesota, alikuwa kwanza mchezaji wa kulipwa, na kwamba alisomea sheria wakati bado anacheza. Naomba kueleweshwa mambo matatu. Je, alikuwa mchezaji mkubwa kweli, au sifa zake za uwanjani zimekuzwa na ujaji? Aliwezaje kufanya yote mawili kwa wakati mmoja? Na ni kweli kwamba timu yake ilimwacha kwa sababu ya kupenda mbio ndefu?

Jibu: Ndugu msomaji, sehemu ya kwanza ya swali lako haina utata: alikuwa mkubwa, na angehesabiwa hivyo hata kama asingevaa joho siku moja. Mwaka 1971 waandishi wa habari za michezo wanaopiga kura kwa niaba ya shirika la habari la Associated Press walimchagua kuwa mchezaji mwenye thamani kuliko wote katika NFL, ligi kuu ya futiboli ya kulipwa ya Marekani. Tuzo hiyo kwa kawaida huwaendea wanaofunga pointi au wanaorusha mpira, na Page anatajwa kuwa mlinzi wa kwanza kuipata. Tangu wakati huo mlinzi mwingine mmoja tu ndiye aliyewahi kuitwaa, naye ni Lawrence Taylor wa New York Giants, mwaka 1986. Kwa zaidi ya nusu karne, basi, orodha ya walinzi waliopewa heshima hiyo ina majina mawili, na moja kati ya hayo ni la mtu unayemuulizia.

Ili kuelewa kwa nini jambo hilo ni zito, inabidi kujua alisimama wapi uwanjani. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea mbele yadi kumi, yaani mita tisa na ushei, na anayeongoza mashambulizi ni kwotabeki, ambaye huamua kumkabidhi mwenzake mpira akimbie nao au kuurusha hewani. Mbele ya kwotabeki hujipanga wanaume watano wazito ambao kazi yao ni kumkinga yeye na kumfungulia njia mkimbiaji. Page alikuwa mlinzi wa ndani upande wa kulia wa mstari wa mbele, akikabiliana ana kwa ana na wakingaji hao. Ni mahali penye msongamano, ambapo mchezaji hugombana na watu wawili kwa pamoja huku mpira ukiwa nyuma yao, na mtazamaji wa kawaida haoni kilichotokea ila vumbi likitulia. Mtu wa nafasi hiyo kuchaguliwa kuwa bora kuliko warushaji na wakimbiaji wote maana yake ni kwamba alikuwa akiuharibu mchezo wa wapinzani kiasi ambacho hata asiyejua alikiona.

Silaha yake haikuwa uzito. Alikuwa na urefu wa mita 1.93 na kilo zipatazo 111 alipokuwa katika ubora wake, kimo ambacho hata kwa miaka hiyo hakikumfanya jitu miongoni mwa wenzake. Alichokuwa nacho ni wepesi wa kuondoka: mpira ulipotikisika tu yeye alikuwa tayari amekwisha kuupita mkono wa mkingaji, na mara nyingi alimfikia kwotabeki kabla huyo hajamaliza kurudi nyuma hatua zake.

Hapa kuna kasoro ya kumbukumbu ambayo msomaji wa leo anapaswa kuijua. Ligi ilianza kuhesabu rasmi matukio ya kumwangusha kwotabeki kabla hajarusha mpira mwaka 1982, wakati Page alikuwa amestaafu mwishoni mwa msimu wa 1981. Kwa hiyo kitabu rasmi cha ligi hakimpi hata tukio moja. Watafiti waliopitia kumbukumbu za mechi za zamani wamempa 148.5, idadi ambayo ingemweka miongoni mwa vinara wa historia nzima, naye alikuwa akicheza katikati, si pembeni ambako njia ya kumfikia kwotabeki ni nyeupe zaidi. Anatajiwa pia mipira 28 iliyopigwa teke na wapinzani, ambayo aliizuia kwa mwili wake. Na kuna hesabu isiyobishaniwa: alicheza mechi 218 za msimu wa kawaida mfululizo, bila kukosa hata moja tangu alipoingia kwenye ligi mwaka 1967 hadi alipoondoka. Kwa kazi ya kugongana kifua kwa kifua kila wiki kwa miaka kumi na mitano, mimi binafsi naiheshimu namba hii kuliko ile ya 148.5.

Hakuwa peke yake, ni kweli. Minnesota Vikings, chini ya kocha Bud Grant, walikuwa na mstari wa mbele wa watu wanne ambao mashabiki waliwabandika jina la Wala Watu wa Zambarau, kwa rangi ya jezi zao: Carl Eller na Jim Marshall pembeni, Gary Larsen na Page ndani. Mwaka 1969 walinzi wa timu hiyo waliruhusu pointi 133 tu katika mechi 14, wastani usiofika kumi kwa mechi. Uwanja wao wa nyumbani, Metropolitan Stadium kule Bloomington, ulikuwa wazi kwa upepo wa kaskazini, na Grant alikataza mashine za kupasha joto pembeni mwa uwanja hata baridi ilipokuwa chini kabisa ya nyuzi sifuri, akiamini kwamba mchezaji anayefikiria joto hafikirii mchezo. Pamoja na yote hayo Vikings hawakuwahi kutwaa Super Bowl. Walifika fainali hiyo mara nne katika enzi ya Page, wakafungwa na Kansas City mwezi Januari 1970, Miami 1974, Pittsburgh 1975 na Oakland 1977. Wapo wanaompunguzia alama kwa sababu hiyo. Sikubaliani nao, kwa kuwa katika fainali hizo nne mashambulizi ya Vikings hayakuvuka pointi 14 hata mara moja, na mlinzi hawezi kulaumiwa kwa mabao ambayo wenzake hawakuyafunga.

Sehemu ya pili ya swali lako inaturudisha nyuma kidogo. Page alizaliwa tarehe 7 Agosti 1945 katika mji wa Canton, Ohio, mji wa viwanda vya chuma ambao pia ndiko ligi iliyokuja kuwa NFL ilikoanzishwa mwaka 1920. Mama yake alifariki yeye akiwa na umri wa miaka 13. Amesimulia mara kadhaa kwamba alivutiwa na sheria tangu utotoni, kabla hajagusa futiboli: kijana mweusi wa Canton aliona mbele yake kazi ya kiwandani, ya kurudia jambo lile lile kila siku, na akaona pia kwamba mwaka 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeamua katika kesi ya Brown kwamba kuwatenga watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba. Mtoto wa miaka minane au tisa hawezi kuisoma hukumu, lakini anaweza kuelewa kwamba kuna watu ambao maneno yao yanabadilisha mambo.

Alipokuwa kijana alifanya kazi ya kibarua katika ujenzi wa Ukumbi wa Watu Mashuhuri wa futiboli ya kulipwa, uliofunguliwa Canton mwaka 1963. Miaka 25 baadaye aliingizwa ndani yake kama mmoja wa waliotukuzwa, jambo ambalo mwandishi wa hadithi za kubuni angeogopa kuliandika.

Kutoka Canton alikwenda Chuo Kikuu cha Notre Dame, ambako mwaka 1966 timu yake chini ya kocha Ara Parseghian ilitangazwa bingwa wa taifa, licha ya sare maarufu ya 10 kwa 10 dhidi ya Michigan State. Alihitimu mwaka uliofuata kwa shahada ya sayansi ya siasa. Vikings walimchukua akiwa chaguo la 15 mwaka 1967, katika zoezi ambalo klabu huchagua kwa zamu wachezaji wapya kutoka vyuoni, baada ya kuwa wamekwisha kuchukua wachezaji wawili wa Michigan State, Clinton Jones na Gene Washington, kwa hiyo watu waliopigana hadi sare mwezi Novemba walijikuta wamevaa jezi moja.

Sasa, sheria. Jaribio lake la kwanza halikufaulu. Mapema katika maisha yake ya uchezaji alijiandikisha katika chuo cha sheria cha William Mitchell, mjini St. Paul, na akaacha baada ya wiki chache tu. Nakutajia hilo kwa sababu wewe ni mwanafunzi wa fani hiyo hiyo, na habari zake nyingi huliruka. Alirudi darasani katikati ya miaka ya 1970, safari hii katika kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Minnesota, na akapata shahada yake mwaka 1978. Mazingira yalimsaidia: chuo kilikuwa Minneapolis, mwendo mfupi kutoka uwanja wa mazoezi, na msimu wa ligi wakati ule ulikuwa wa mechi 14, unaoanza Septemba na, kwa timu zisizofika mbali, kwisha Desemba. Lakini hayo hayaelezi mambo yote, kwa sababu Vikings walikuwa wakifika mbali karibu kila mwaka. Alisoma akiwa na majeraha na uchovu wa mtu anayecheza fainali mwezi Januari.

Nadhani kilichomsukuma zaidi kilikuwa chama cha wachezaji. Tangu mwaka 1970 Page alikuwa mwakilishi wa Vikings katika chama hicho, na baadaye aliingia katika kamati yake ya utendaji. Ilikuwa miaka ya mapambano. Mchezaji ambaye mkataba wake umekwisha hakuwa huru kikweli, kwa kuwa klabu iliyomchukua ililazimika kuifidia klabu ya zamani kwa kiwango ambacho kamishna wa ligi angekipanga, na kwa hiyo klabu nyingi ziliogopa kumgusa. Wachezaji waligoma mwaka 1974 kupinga hali hiyo. Kesi ya mchezaji John Mackey dhidi ya ligi, iliyoubomoa utaratibu huo kwa hoja za sheria ya ushindani, ilisikilizwa na mahakama ya shirikisho huko huko Minneapolis, na rufaa yake ikaamuliwa mwaka 1976. Page, mwanafunzi wa sheria, aliyaona hayo akiwa ndani, akiwa mmoja wa watu ambao kanuni ile iliwafunga. Ni wanafunzi wachache wanaojifunza sheria ya ushindani na sheria ya kazi kwa njia hiyo.

Kuna tukio jingine la miaka hiyo ambalo yeye mwenyewe hulisimulia mara nyingi. Katika kikao cha timu wachezaji walitakiwa wasome kwa sauti, kwa zamu, sehemu za kitabu cha mbinu, na ikadhihirika kwamba baadhi yao, watu wazima waliopitia vyuo vikuu, hawakuweza kusoma. Vyuo vilikuwa vimetumia miili yao na kuwapitisha. Kumbuka tukio hili, maana nitalirejea.

Kuhusu mbio, ulichosikia ni kweli kwa sehemu kubwa, ingawa kinahitaji maelezo. Page alianza kukimbia katikati ya miaka ya 1970 ili kumtia moyo mkewe, Diane, aliyekuwa akijaribu kuacha sigara. Diane aliacha sigara, na mumewe akaendelea kukimbia. Uzito wake ulishuka taratibu hadi kukaribia kilo 100, jambo ambalo linamfurahisha daktari na kumtisha kocha wa futiboli. Katikati ya msimu wa 1978, mwaka ule ule aliopata shahada ya sheria, Vikings walimwachia, wakieleza kwamba hakuwa tena na nguvu zinazotakiwa katika nafasi yake. Chicago Bears walimchukua kwa ada ya kawaida ya kumdai mchezaji aliyeachwa, dola 100.

Je, uzito ndio uliokuwa sababu? Ulikuwa sababu ya kweli, lakini siamini ulikuwa sababu pekee. Uhusiano wake na Grant ulikuwa umekwisha kupoa. Grant alitaka askari, naye Page alikuwa kiongozi wa chama aliyehoji kila agizo aliloona halina mantiki. Ushahidi ninaouegemea ni kilichofuata. Kocha mkuu wa Bears mwaka ule alikuwa Neill Armstrong, aliyekuwa ametoka kusimamia ulinzi wa Vikings, na msimamizi wake wa ulinzi alikuwa Buddy Ryan, ambaye naye alikuwa amewafundisha walinzi wa mstari wa mbele wa Vikings. Hawa wawili walimjua Page kuliko karibu watu wote kwenye ligi, walimwona akipungua kilo, na bado walimtaka. Aliwachezea mechi 58, na katika mechi hizo watafiti wamemhesabia matukio kama 40 ya kumwangusha kwotabeki. Mlinzi aliyeishiwa nguvu hafanyi hivyo. Mwaka 1979 alikimbia marathoni hadi mwisho, na anatambuliwa kuwa mchezaji wa kwanza wa NFL kufanya hivyo akiwa bado kazini.

Mwaka huo huo wa 1979 alisajiliwa kuwa wakili, akaanza kazi katika kampuni ya mawakili ya Lindquist & Vennum mjini Minneapolis wakati ambapo hakukuwa na msimu wa mpira. Mwaka 1985 alihamia katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo, na huko akabaki hadi alipokwenda mahakamani kama jaji.

Namna alivyoupata ujaji itakuvutia zaidi ya mechi zote, kwa hiyo nitaieleza kwa kirefu kidogo. Minnesota, tofauti na Tanzania au Kenya ambako majaji huteuliwa, huwachagua majaji wake kwa kura, kwa vipindi vya miaka sita. Kwa vitendo, hata hivyo, majaji wengi walikuwa wakistaafu katikati ya kipindi, gavana akateua mrithi, na mrithi huyo akaingia katika uchaguzi akiwa tayari amekalia kiti. Mwaka 1992 kipindi cha Jaji Lawrence Yetka kilikuwa kikikaribia mwisho, na Page akajitokeza kugombea. Gavana Arne Carlson akakiongeza muda kipindi cha Yetka, akitegemea sheria iliyoruhusu jaji aliyekaribia kustaafu asogezewe tarehe, na kwa tendo hilo uchaguzi wa kiti hicho ukafutwa.

Page alishtaki. Ugumu wake unauona: mahakama ya mwisho katika jimbo ilitakiwa kuamua kesi inayohusu kiti chake yenyewe. Majaji wake walijitoa, na likaundwa jopo la muda kuketi mahali pao. Jopo lilikubaliana na Page kwamba wapiga kura hawawezi kunyimwa uchaguzi kwa njia ile, na jina lake likarudishwa kwenye karatasi ya kura. Alishinda mwezi Novemba, na Januari 1993 akawa mtu mweusi wa kwanza kukaa katika Mahakama ya Juu ya Minnesota. Alichaguliwa tena mwaka 1998, 2004 na 2010. Wapo waliosema alichaguliwa kwa jina la uwanjani. Jina lilimsaidia, hakuna haja ya kukataa, lakini kesi iliyomwezesha kugombea aliishinda kwa hoja ya katiba.

Kesi iliyomweka machoni pa nchi nzima ilikuja mwaka 2009. Uchaguzi wa seneta wa Minnesota wa Novemba 2008, kati ya Norm Coleman na Al Franken, uliishia katika tofauti ya kura 312 kati ya takriban milioni 2.9, na mgogoro ukafika Mahakama ya Juu ya jimbo. Jaji mkuu na jaji mwingine mmoja walijitoa kwa kuwa walikuwa wamehudumu katika bodi iliyosimamia kuhesabu upya kura, kwa hiyo Page ndiye aliyeongoza kikao cha majaji watano waliobaki. Tarehe 30 Juni 2009 waliamua kwa kauli moja kwamba Franken ndiye aliyeshinda, na Coleman akakubali matokeo siku hiyo hiyo. Page aliondoka mahakamani mwaka 2015 alipotimiza miaka 70, umri wa lazima wa kustaafu kwa majaji wa jimbo hilo.

Nilikuomba ukumbuke wale wachezaji wasioweza kusoma. Mwaka 1988, alipoingizwa katika ule ukumbi wa Canton, desturi ilikuwa kwamba mchezaji atambulishwe na kocha wake wa zamani au mwenzake wa timu. Page alimchagua Willarene Beasley, mkuu wa shule moja ya sekondari ya Minneapolis, na hotuba yake ikahusu elimu badala ya mechi. Mwaka huo yeye na Diane walianzisha mfuko wa Page Education Foundation, unaowafadhili wanafunzi wa Minnesota wasio Wazungu wanaoendelea na masomo baada ya sekondari. Sharti lake ni la aina yake: anayepokea fedha hulazimika kutumia saa zake kuwafundisha na kuwalea kimasomo watoto wadogo wa shule. Maelfu wamepitia hapo. Wazazi wa Kenya na Somalia walioko Minnesota, nao si haba, wanaweza kuwaelekeza vijana wao huko.

Heshima nyingine nitazipitia haraka. Mwaka 2017 shule moja ya Minneapolis iliyokuwa na jina la Alexander Ramsey, gavana wa karne ya 19 aliyetaka Wadakota, wenyeji wa asili wa huko, waangamizwe au wafukuzwe jimboni, ilipewa jina la Page baada ya wanafunzi wenyewe kudai mabadiliko. Mapema mwaka 2018, wakati Minneapolis ikiandaa Super Bowl, yeye na Diane walionyesha katika maktaba kuu ya mji mkusanyiko wao wa vitu vya enzi za utumwa na ubaguzi, waliokuwa wakiukusanya kwa miaka mingi. Diane alifariki Septemba mwaka huo, na miezi miwili baadaye mumewe alitunukiwa Nishani ya Rais ya Uhuru, nishani ya juu kabisa ya kiraia nchini Marekani.

Kwa kuwa wewe ni mtu wa sheria, kazi yake ya baada ya kustaafu inafaa uifuatilie kuliko kanda za mechi. Mwaka 2020, pamoja na Neel Kashkari, mkuu wa Benki ya Akiba ya Shirikisho tawi la Minneapolis, alipendekeza kifungu kipya cha katiba ya Minnesota kitakachofanya elimu bora ya umma kuwa haki ya msingi ya kila mtoto. Katiba ya sasa, ya mwaka 1857, inalitaka bunge la jimbo liweke mfumo wa shule ulio sare. Maneno mapya yangehamisha mkazo kutoka kwenye mfumo kwenda kwa mtoto, na kumpa mzazi msingi wa kushtaki pale ambapo mtoto wake hapati elimu hiyo. Chama cha walimu cha jimbo kimekuwa miongoni mwa wapinzani wake, kikihofia kwamba kufuta maneno ya zamani kutadhoofisha wajibu wa jimbo wa kuzigharimia shule za umma. Ili kifungu hicho kiwe sheria, bunge la jimbo lazima kwanza likubali kukipeleka kwa wapiga kura, kisha wengi wa wote waliopiga kura katika uchaguzi huo wakiunge mkono, ambapo anayeacha swali hilo wazi huhesabiwa kuwa amekataa.